Mwache mtoto achore jahazi kwanza, tarehe zitakuja

Mi siamini kuna mtoto wa gredi ya nne anaeushika mwaka 1498 kwa sababu mwalimu kauandika ubaoni. Kwenye mtihani ataujaza, sawa, lakini ngoja wiki mbili umuulize Vasco da Gama ni nani, atakwambia si yule wa ile nguzo ya Malindi, basi, hapo ndo mwisho wa elimu yake. Sasa mtoto huyo huyo mpe karatasi na penseli umwambie nichoree meli aliyokuja nayo huyo Mreno, uone maswali yatakavyomtoka. Ilikuwa na matanga mangapi? Ya pembe tatu ama ya mraba? Ule msalaba mwekundu wa nini? Walikuwa wakilala wapi? Na choo je? (La choo halikosekani kamwe, na jibu lake wanalipenda kuliko yote, manake kwenye majahazi yetu choo ni kikasha kinachoning'inia nje kule tezi, yaani nyuma, chini yake bahari.) Ukishaanza kujibu hayo ndo ushaanza kusomesha, wala hukusema leo tuna somo.

Kwa asiyenijua, Jumamosi asubuhi huwa nakaa na watoto wa mtaani kwetu hapa Mji wa Kale, Mombasa. Wengine wa dada zangu, wengine wa majirani, wengine wallahi hata sijui wa nani, wamesikia tu kuna rangi wakaja. Si tuition, simtozi mtu. Rangi zenyewe si za kununua zote, za maji nanunua kidogo lakini nyingi tunazitoa jikoni: manjano ya kupikia, masimbi ya kahawa yaliyobaki kwenye dele yanatoa rangi nzuri sana ya mbao, makaa ya jiko kwa nyeusi, na ile buluu ya kufulia nguo nyeupe ndo bahari yetu. Karatasi ni zile zilizochapishwa upande mmoja, ofisini huwa wanazitupa.

Tulianza na majahazi kwa sababu yako hapo hapo, si lazima uende mbali. Afu nikagundua kitu. Hawa watoto wamezaliwa pwani, wanaiona bahari kila siku ya Mungu, lakini ukiwaambia chora jahazi karibu wote wanachora ile boti ya kwenye vitabu vya Wazungu: mlingoti umesimama wima katikati, pembetatu moja huku, pembetatu nyengine huku, na kibendera juu. Sikuwasahihisha. Niliwapeleka kwa mzee mmoja jirani yangu, alikuwa nahodha, ameshakwenda Lamu, Kismayu, Unguja na Pemba sijui mara ngapi, sasa amezeeka anakaa tu nje kwake na tasbihi yake. Wakamwamkia shikamoo babu, akaitika, akachukua karatasi moja akaivuta karibu na macho.

"Hili tanga limefungwa na nini?"

Kimya.

"Foromali iko wapi?"

Hakuna aliejua foromali ni nini. Basi mzee akachukua penseli, mkono unamtetemeka lakini mstari ukatoka umenyooka, akachora mlingoti umeinama mbele kidogo, kuelekea omo, sio wima. Afu akapitisha mti mrefu kwa mshazari, mrefu kushinda hata mlingoti wenyewe, akasema hii ndo foromali, tanga linafungwa hapa, halifungwi mlingotini. Mbele linashikwa chini, nyuma kuna kamba yaitwa demani, ukiivuta tanga linakaza ukiiachia linapumua. Akawaambia na mkitaka kugeuza upande, foromali yote yatakiwa ihamishwe upande wa pili wa mlingoti, na si kazi ya mtu mmoja hiyo, ndo maana jahazi likawa na mabaharia wengi na ndo maana likawa na nyimbo, manake mkivuta bila ya wimbo kila mtu anavuta wakati wake. Kitoto kimoja kikauliza, "Babu, na upepo ukija mbele je?" Mzee akacheka akasema basi unabisha, unakwenda hivi na hivi, akachora mikunjo mikunjo, na ukichoka kubisha unatia nanga unangoja msimu.

Hapo kwenye kungoja msimu ndipo historia yote ya pwani hii ilipo, kwa maoni yangu. Ukishaelewa kaskazi, upepo unaotoka kaskazini, na kusi, unaotoka kusini, ushaelewa kwa nini Waarabu walikuwa wakifika Disemba, Januari, na tende na chumvi na mazulia, afu wanakaa hapa miezi, wanaoa, wanazaa, wanajenga misikiti, wanasubiri kusi ianze Aprili hivi ndo warudi na boriti na pembe za ndovu. Sio kwamba walipenda tu kukaa. Hawana njia, upepo haujageuka! Kwa hiyo sasa sheria yetu ya barazani ni moja, kabla hujachora tanga chora mshale pembeni mwa karatasi, upepo watoka wapi, na uandike mwezi. Mtoto akiandika Julai afu akachora jahazi linatoka Muscat tanga limejaa linakuja Mombasa, wenziwe ndio wanaomkamata, mi hata sisemi kitu.

Boriti nazo tumezichora sana. Nyumba nyingi za zamani hapa mtaani, na za Lamu na Unguja pia, vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, upana haupiti kama mita 3 hivi. Nikawatuma nyumbani kila mmoja na futi kamba apime chumba cha bibi yake. Wakarudi na namba zinakaribiana, na mmoja akarudi na habari kwamba bibi amekataa kupimiwa chumba kabla hajaambiwa ni cha nini. Sababu ya namba kukaribiana ni boriti, mikoko iliyokatwa huko visiwani Lamu, dari lote linalala juu yake na mti wa mkoko haukupi zaidi ya hapo. Miti hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikipakiwa majahazini kwenda Ghuba kujengea nyumba kwenye nchi isiyo na miti. Kwa hiyo mtoto akichora shehena ya jahazi linaloondoka na kusi, anaijua ile miti ina urefu gani, anaiona akilala usiku chali.

Sasa turudi kwa Vasco da Gama, manake hapa ndipo penye utamu. Kwenye vitabu vya shule safari yake ni mstari mmoja kwenye ramani, unatoka Ureno unazunguka Afrika unafika India, umechorwa na rula. Sisi tulitandika karatasi ya manila sakafuni tukachora kipande cha Malindi na India tu, na tarehe. Aliondoka Malindi Aprili 24, 1498, na rubani aliepewa na mfalme wa hapo (wengi tumesomeshwa kwamba ni Ahmad ibn Majid, wanahistoria wengi wa siku hizi hawakubali), na Mei 20 washatia nanga karibu na Calicut. Hata mwezi haukutimia. Watoto wakachora matanga yamevimba, ile misalaba imetanuka kwa upepo, kusi hiyo inawasukuma mgongoni.

Afu tukachora kurudi. Pwani ya India waliiacha mwanzo wa Oktoba. Nikawauliza Oktoba kuna upepo gani? Mmoja anaeishi na babu yake mvuvi akasema hakuna, kusi imekwisha na kaskazi haijasimama. Ndio hivyo. Nahodha yeyote wa huku angewaambia ngojeni, lakini hawakungoja, wameshagombana na wenyewe wa Calicut wanataka kuondoka. Safari iliyochukua chini ya mwezi ikawachukua karibu miezi 3. Pwani ya Afrika waliiona Januari 2, 1499, Mogadishu, na Malindi wakafika Januari 7, njiani wamekufa watu kama 30 kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga, fizi zinavimba zinafunika meno, na walio hai wengi hawajiwezi. Malindi kitu walichokitaka kuliko vyote ni machungwa. Na mabaharia waliobaki hawatoshi kuendesha meli 3, kwa hiyo moja, São Rafael, wakaichoma moto wenyewe kwenye miamba karibu na pwani ya Tanga, ile ile miamba iliyokuwa imewakwamisha wakati wa kuja.

Shida ikawa hivi: utachoraje pasipo na upepo? Hilo swali liliwaweka asubuhi nzima. Tanga lililojaa ni rahisi, unapiga upinde tu. Tanga lisilo na upepo lina uzito, linaning'inia, lina mikunjo inayoshuka wima, na bahari yake haina mawimbi kwa hiyo ile buluu lazima uilaze, usiipige piga. Msichana mmoja wa miaka kumi hivi akachora meli nzima imesimama imenyooka kama imepakwa gundi juu ya maji, na kivuli chake chini kimekamilika hakijakatika, na watu wawili tu juu ya sitaha. Nikamuuliza wengine wako wapi akasema wamelala wanaumwa. Huyo miezi imepita sasa, muulize 1498 na 1499 atakueleza mpaka machungwa. Na hakukariri.

Wachina tuliwapitia haraka lakini watoto wasingenisamehe nikiwaruka, kwa ajili ya twiga. Malindi ilipeleka twiga China mwaka 1415, wakati ule wa zile safari za Zheng He, mkuu wa meli za mfalme wa China, miaka 80 na kitu kabla ya Mreno kufika. Matanga ya Wachina yana mbavu, vijiti vimepita kwa upana, na hilo wanalichora vizuri sana, lakini akili yote iko kwa twiga: alisimama ama alikalishwa? Shingo ilitoka nje? Alikula nini baharini? Kila mtu na jibu lake kwenye karatasi yake, mmoja amemtobolea sitaha. Sikuwakataza, jibu lenyewe la hilo hata mi sina.

Mtepe ndo uliotuchukua muda. Huu ulikuwa chombo chetu hasa, wa visiwa vya Lamu na Wabajuni, na haukuwa na msumari hata mmoja, mbao zimeshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Tanga lake la mraba, tena la mkeka, na pua yake mbele imechomoza ndefu na pembeni imechorwa macho. Kuna mfanyabiashara wa Kigiriki wa Misri aliandika habari za pwani hii karne ya kwanza, akataja vyombo vya kushonwa, na mitepe imeendelea mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 ndo ikapotea. Sasa fikiria, hiyo ni kama miaka 1900 watu wanashona vyombo, na vitabu vyetu vinaanza na Mreno.

Kuuchora peke yake hakukutosha kwa sababu watoto hawakuamini. "Mwalimu, si maji yataingia?" Yaliingia, ndio, mabaharia walikuwa hawapumziki kuchota na kumwaga. Basi kwa nini wasipige misumari? Nikakata maboksi ya sukari, nusu wakaunganisha vipande kwa pini za ofisi, nusu wakashona kwa sindano ya gunia na uzi wa katani, afu nikawaambia vipindeni. Vilivyopigwa pini vikachanika kwenye pini. Vya kushonwa vikapinda vikarudi. Huko kwenye miamba na mafungu ya mchanga chombo kinachopinda kinaweza kukusalimisha, na kamba ikilika unashona upya hapo hapo ufukweni, minazi ipo, chuma utakitoa wapi? Baada ya hapo ndo wakarudi kwenye karatasi, na nikaona kila mshono unachorwa mmoja mmoja, watoto ambao kwa kawaida hawawezi kukaa dakika tano.

Kuna jambo la watumwa, na najua wazazi wengine hawapendi niliguse, mmoja aliniambia wazi, wewe wachoreshe vitu vizuri. Mi naona huwezi kumchorea mtoto jahazi na tende na mazulia na karafuu, afu ukaficha kilichokuwa chini. Atakuja kukikuta mwenyewe akikua aone tulimdanganya. Lakini pia sitaki mtoto wa miaka saba akae asubuhi nzima anachora minyororo, hilo nalo silitaki. Nilichofanya, wadogo niliwaacha na mitepe yao, wakubwa tukapanda matatu mpaka Kengeleni, Freretown. Wanapita pale kila siku kwenda shule na kurudi, konda anapiga kelele Kengeleni Kengeleni, na kengele yenyewe ipo pale imesimama, hakuna hata mmoja aliekuwa ameiuliza. Ilikuwa ikipigwa kuwatahadharisha watu kwamba majahazi ya watumwa yameonekana. Kijiji kile kiliwekwa na wamishonari miaka ya 1870 kwa watu waliookolewa majahazini, baada ya Sultan Barghash kubanwa na Waingereza mpaka akatia saini mwaka 1873 kufunga soko la Unguja, na biashara ikaendelea kwa siri.

Wakachora walichoona kutoka pale, sio ndani ya jahazi. Kengele mbele, kubwa, na tanga dogo mbali. Kijana mmoja akauliza jahazi lilikuwa la nani, na hapa usidanganye: la Waarabu, la Waswahili, pesa za matajiri wa Kihindi, na wanunuzi kila pembe, karne ya 18 Wafaransa walikuwa wakinunua watu Kilwa kwa ajili ya mashamba ya miwa visiwani kwao. Akasema kwa hiyo hata sisi. Nikamwambia na waliouzwa pia ni sisi. Hakuendelea kuchora siku hiyo, na sikumlazimisha.

Ya Sultana ntawaandikia siku yake, ile meli ya Seyyid Said, sultani wa Unguja, iliyokwenda New York mwaka 1840 na kina Ahmad bin Na'aman, manake ina farasi waliopelekwa zawadi na ni hadithi ndefu.

Kitu kimoja kimenisaidia sana kwa wale watoto wanaosema mi sijui kuchora. Nawapeleka Ngomeni, pale Fort Jesus. Kila mtu akienda pale anaangalia mizinga, na vitu vilivyotolewa baharini kutoka Santo António de Tanná, ile meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati wamezingirwa na Waomani. Sawa, vizuri. Lakini mi nawapeleka moja kwa moja kwenye michoro ya ukutani, ile walioichora Wareno wenyewe waliokuwa wamekaa mle ndani, kwa makaa na rangi nyekundu ya udongo. Meli, makanisa, watu, samaki. Si wachoraji wale, utaona tu, mistari imekwenda kombo, meli nyengine zina milingoti mikubwa kushinda meli yenyewe. Ni watu wamechoka wanafikiria kwao. Na sio wao tu, Kilwa na Songo Mnara, hata hapa Gede, kuna meli zimekwaruzwa kwenye plasta za kuta na watu wetu wenyewe, nyingi na tanga la mraba, zina miaka mia kadhaa na leo wataalamu wanazitumia kujua vyombo vya zamani vilikuwa na umbo gani. Mtu alikwaruza tu ukuta. Mtoto anaeona aibu na mchoro wake ukimwonyesha hiyo haongei tena habari ya kutojua kuchora.

Athari yake ni kwamba sasa wote wanataka ukuta. Karatasi imekuwa haina maana tena, wanataka makaa na udongo mwekundu na ukuta mweupe kama wa Ngomeni. Nimezungumza na mama mwenye nyumba kuhusu ule ukuta wa uani, nimembembeleza sana. Amekubali, ila kwa sharti: wasipite urefu wa dirisha, na Idi ikikaribia upigwe chokaa wote, wageni wake wasikute majahazi. Watoto wamekubali, ila yule alietoboa sitaha ameshaniuliza dirisha lina urefu gani, kwa sababu twiga wake hatatosha.